Kaka Yangu Tuliyemzika Mara Mbili

Kaka yangu Barnabas tumemzika mara mbili.

Mara ya kwanza alikuwa mzima kabisa, huko Uingereza, anakunywa chai na kuongezewa biskuti.

Mara ya pili ni juma lililopita. Hiyo iache kwanza. Nikusimulie ile ya kwanza.

Kwetu ni karibu na Mbita, Ujaluoni, kando ya ziwa. Mwaka wa 1961 Barnabas alipata nafasi katika chuo kikuu cha Waingereza. Mama yetu, Benta, alikuwa mjane anayekausha omena, dagaa wa ziwani. Kanisa zima lilimsindikiza kijana hadi Homa Bay. Alipopanda meli ya Kisumu, mama aliingia ziwani mpaka magotini, akapunga leso hadi meli ikapotea machoni.

Mwaka wa kwanza tulipata habari zake. Wa pili, kidogo. Wa tatu, kimya.

Mwikwabe, Mkuria wa Suna aliyesoma huko, aliporudi tulimfuata kumuuliza.

"Nilibisha alikokuwa akikaa," akasema. "Wakanifungia mlango, eti hapana mtu kama huyo. Na ile baridi, dada, inaua ng'ombe."

Tukangoja tena. Mwishowe baba mdogo Nicodemus, mkubwa wa boma, akamwambia mama, "Shemeji, mtoto hawezi kukaa bila mahali pa kulala. Tumpe mahali."

Sisi Wajaluo, mtu akipotelea mbali na maiti isipatikane, tunazika yago badala yake. Ni tunda refu, zito, la mti unaoota kando ya mito. Mama alilivisha shati la shule la Barnabas. Akafunga vifungo vyote, hata kile cha shingoni.

Tukalizika nje kidogo ya lango.

Mimi Truphena nilikuwa nimemaliza shule ya upili, nimefundishwa kwamba mambo hayo ni ushenzi. Nililia kuliko wote.

Basi mwaka wa 1968, mchana kweupe, maiti akasimama langoni.

Amevaa koti la sufu kwenye jua la Mbita. Mkono mmoja mwavuli, na mdomoni kiko kisicho na moto.

"Habari za hapa," akasema kwa Kiswahili, si kwa Kijaluo, kama karani aliyetumwa na DC. Nyumbani kwa mama yake mzazi.

Mama alitoka mbio. Nicodemus akamshika mkono.

Mtu aliyekwisha kuzikwa hapiti langoni. Hutobolewa tundu nyuma ya ua, akaingia kwa magoti, akanyunyiziwa dawa, kondoo akachinjwa. Bila hivyo mama yake hawezi kumgusa wala kumpakulia chakula.

"Magoti?" Barnabas akacheka. "Baba mdogo, mimi nina digrii. Nitambae kama mbwa mwizi kwa sababu mmezika mboga?"

"Si mboga, ni tunda," Nicodemus akasema. "Na hilo tunda halijatusumbua kama wewe."

Barnabas akaenda kulala kwa mwalimu mmoja pale Mbita. Kila siku alirudi langoni kutuhubiria maendeleo. Kila siku mama alipika samaki, akamfunika, samaki akapoa. Macho ya mama yalikuwa yanaingia ukungu. Alitaka jambo moja tu: kumlisha mwanawe kwa mkono wake akiwa bado anamwona.

Jirani yetu Phelesia alipita na kuni kichwani. "Huyu alienda kusomea nini?" akaniuliza. "Kusimama?"

Siku moja Barnabas akiwa katikati ya mahubiri yake, Land Rover ya misheni ikaja. Akashuka bibi wa kizungu, mzee, na shada la maua.

Kiko kikamdondoka Barnabas.

Yule alikuwa Bi Pickering, mama mwenye nyumba aliyemweka miaka yote ile. Kanisa lake lilikuwa limeleta wageni Homa Bay, naye akaomba afikishwe kwao Barnabas. Akamkumbatia. Kisha akaona kaburi kando ya lango.

"Hapa ndipo alipolala mama yako?" akauliza kwa Kiingereza.

Barnabas akautazama mwavuli wake. Akatutazama sisi. "Ndiyo," akasema.

Bi Pickering akapiga magoti mavumbini, akaweka maua juu ya yago letu. Akaomba kwa sauti, akitaja majina. Benta. Nicodemus. Truphena. Wote waliozama ziwani siku moja. Alilia machozi ya kweli.

"Mbona mgeni ananitaja?" mama akauliza.

Nikamtafsiria. Sikupunguza neno.

Kumbe kule Uingereza Barnabas alisema tumekufa maji sote. Kanisa likatufanyia ibada, Bi Pickering akamfanya mwanawe. Ndiyo maana Mwikwabe alifungiwa mlango, kwa agizo la Barnabas mwenyewe. Ataletewaje salamu na marehemu?

Sisi tulizika tunda moja, tena kwa kilio. Msomi wetu alizika boma zima kwa mdomo, akaongezewa biskuti.

Mama aliyatazama yale maua.

"Mwambie mgeni asante kwa maua," akaniambia. "Mwambie nimepumzika vizuri."

Kisha akamgeukia Barnabas.

"Nyathina, mwanangu, wewe una tundu lako nyuma ya ua. Mimi niliyezikwa bila hata tunda, nitapitia wapi nirudi?"

Barnabas akalaza mwavuli chini.

Akavua koti. Akazunguka nyuma ya boma, tukasikia matawi ya minyaa ya ua yakivunjika. Alitokea ndani kwa magoti, utomvu mweupe umemganda shingoni.

Nicodemus alifanya yanayofanywa. Mama akapakua samaki, akamlisha. Bi Pickering alipoambiwa yule mama ni nani, alisimama, akakung'uta vumbi. Maua aliyaacha palepale.

Barnabas akawa mtu mkubwa. Hata uzeeni alisimama kwenye matanga ya watu akilaani ushenzi. Ila alipougua mwaka huu aliniita. "Mnilaze kando ya lile tunda," akasema. Msamaha hakuomba. Hilo ndilo lililomshinda.

Juma lililopita tukamlaza hapo. Vifungo vya shati nilimfunga mimi, hata kile cha shingoni.

Usimcheke anayekuzika kwa tunda. Huyo bado anajua mahali atakapotoboa ua siku ukirudi. Mwogope anayekuzika kwa mdomo.