Mwalimu Mpya Aondoke

Nafundisha hesabu sekondari hapa Haydom, na nina sifa ya kubisha. Hata nikiambiwa mvua inakuja, naomba ushahidi. Jumapili sikuomba.

Nilikuwa mgahawani, nimewapa mgongo wazee waliokuwa wakinywa chai.

“Huyu mwalimu mpya aondoke,” mmoja akafoka. “Tangu aje, matokeo hakuna.”

“Yule kijana mrefu kiwango kimeshuka, bado anamweka mbele!” mwenzake akadakia.

Mwalimu mpya ni mimi, na kijana mrefu nilikuwa nimemhamishia dawati la mbele wiki hiyo. Nikageuka.

“Shikamooni, wazee. Msinifukuze. Aljebra naieleza haraka mno, nakiri, lakini nitajirekebisha.”

Mzee mmoja, ambaye binti yake namfundisha, akanivutia kiti.

“Marahaba. Kaa, mwanangu. Binti yangu hesabu alikuwa anazikimbia, sasa anazifanya kabla hajala. Nani akufukuze?”

Nilishukuru sana. Tangu nianze kazi, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Akanimiminia chai, akasubiri ninywe, ndipo akasema kwa upole:

“Ila sisi tulikuwa tunamsema mwalimu wa timu yetu ya mpira. Jana tumefungwa tena.”