Shamba Lisilokunywa Maji

Jumamosi nilikuwa kwenye mashine za kufulia hapa Reynoldsburg, Ohio. Kijana mmoja Mkenya, tai shingoni, akamwendea mama wa Kivu, Kongo, aliyekuwa anakunja nguo. Alitaka mama ahamie kampuni yao ya umeme, kwa sababu umeme wao unatoka jangwani, kwenye shamba kubwa la jua.

Mama akaacha kukunja. "Bon, shamba? Mu jangwa? Munaimwangiaka mayi ya wapi?"

Kijana akacheka hadi akashika meza. "Mama, hatupandi mahindi! Ni paneli za sola, zimetandazwa mpaka macho yachoke. Hiyo shamba haili, hainywi."

Nami nikacheka. Mama hakucheka. Alipitisha kidole juu ya mashine, akamwonyesha vumbi. "Na hii? Mu jangwa haiko?"

"Iko. Wanaziosha."

"Na nini?"

Kijana akatazama mlango. "Na maji."

"Donc inakunywaka."

"Hainywi, mama. Inaogeshwa tu."

Mama akamshikisha ncha mbili za shuka, wakalikunja pamoja, kisha akamuaga.

Sina ugomvi na jua. Huenda shamba lile linatumia maji kidogo kuliko mitambo ya makaa ya mawe tunayoitegemea hapa Ohio. Lakini kijana hakusema linakunywa kidogo, alisema halinywi. Siku hizi mtu akinisifia kitu kisichokula wala kunywa, nauliza kwanza kinaoga wapi.