Sambusa za Moto Kwenye Kizuizi

Mimi ni muuguzi, na wakati wa vita nilifanya kazi katika zahanati moja ya Jabe. Asubuhi moja nilimgombeza Mzee Salum, fundi magari mwenye presha, jirani yangu kule Carama.

"Sambusa ya kukaanga inakunywa mafuta, mzee wangu, kalori zinajaa! Mama watoto azipike kwa mvuke."

Akaitika kwa unyonge, nami nikajiona daktari kabisa.

Jioni njaa ikanishinda. Nilinunua sambusa sita za kukaanga, za moto, nikazificha kwenye mfuko wa koti nile njiani. Kumbe wanajeshi walikuwa wamefunga barabara ya Carama na wanapekua kila mtu.

Askari alipougusa mfuko wangu uliovimba, aliruka nyuma. "Gerenadi! Laleni chini!"

Foleni nzima ikalala. Mimi, mikono juu, nikalia: "Apana, shefu! Iko sambusa!"

"Toa polepole!"

Nikazitoa moja moja, mafuta yakinichuruzika hadi kwenye kiwiko. Askari akaangua kicheko. Hapo Mzee Salum akainua kichwa kutoka vumbini.

"Muganga," akauliza kwa upole, "na izo, ulizipika na mvuke?"