Ripoti Isiyo na Watu

Msonyo. Mrefu, wa polepole, kama maji ya mwisho yanavyovutwa kwenye tundu la sinki. Miaka kumi na minne nilikaa masjala ya idara ya maji, na katika miaka hiyo sikuhitaji kuinua macho kujua kwamba rasimu nyingine imetua kwenye meza ya mpiga chapa wetu.

Tulimwita Bi Nani. Ofisa akileta karatasi yenye maneno "hatua stahiki zimechukuliwa," yeye alimwuliza, nani kazichukua? Ofisa alicheka, akazungusha kalamu, akasema ndivyo mambo ya ofisi yanavyoandikwa. "Basi mtafute," alijibu Bi Nani, "umwulize amezipeleka wapi."

Alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na masomo yake yaliishia darasa la nane. Shahada za wakubwa wa ghorofa ya tatu hazikumtisha. Alisema mtu anayejua alichofanya hukisema kwa maneno matatu, na asiyetaka kijulikane huhitaji ukurasa. Sentensi kwake ilikuwa kama chumba: ukiingia ukakuta sufuria inachemka na hakuna mtu, lazima ushtuke.

Vyumba vya idara yetu vyote vilikuwa hivyo. Ripoti ilianzia chini, kwa mtu aliyeona kwa macho yake, kisha ikapanda. Kila ngazi ilikuwa na mkubwa, na kila mkubwa alikuwa na penseli. Walichokifanya walikiita kulainisha. Kulainisha maana yake kumtoa mtu mmoja. Huyu alimtoa msimamizi kwa kuwa walisoma pamoja, yule akamtoa dereva kwa kuwa ni shemeji yake, na wa juu kabisa akajitoa mwenyewe. Karatasi iliposhuka kwetu kupigwa chapa, mabomba yalikuwa yamejipasua, magari yamejigonga, funguo zimepotea kwa hiari yao. Na mabwana wale walijiona mafundi wa lugha. Sijaona watu wazima, wenye tai na vitambi, wanaoogopa neno "mimi" kama wao. Walilikwepa kama watoto wanavyokwepa sindano.

Tungeendelea kuwacheka tu, kama si mkono wa fundi wa pampu.

Fundi huyo, mtu mpole mwenye watoto watano, aliingia asubuhi moja nyuma ya pampu kubwa kubadilisha mkanda. Kwanza alitundika kwenye swichi kibao chekundu chenye jina lake, kama sheria ya kituo inavyotaka: kibao kikiwa pale, hagusi mtu swichi ila yule aliyekitundika. Dakika kumi baadaye pampu ikawaka. Ikamla vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Ripoti ilitoka kituoni ikiwa na watu wanne. Wiki moja baadaye, baada ya kulainishwa ngazi zote, ilisema hivi: "Kibao kilionekana kuondolewa. Mtambo uliwashwa kutokana na mahitaji ya huduma. Fundi alizembea kwa kutohakikisha usalama wake." Amebaki mtu mmoja tu ndani yake, na huyo ndiye aliyeumia. Alibaki kwa sababu hakuwa na penseli, na angekuwa nayo asingekuwa na vidole vya kuishikia. Kwa karatasi hiyo alikuwa afukuzwe kazi Jumatatu, bila fidia.

Bi Nani aliichukua akapanda nayo mwenyewe kwa meneja. Mimi nilimfuata na faili. Meneja alikuwa anapangusa simu yake kwa ncha ya tai.

"Bwana meneja, pampu aliiwasha nani?"

Meneja alimwambia apige chapa tu, mambo ya mitambo ni ya kitaalamu.

"Mtambo siuulizi. Naulizia mkono wa nani."

Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa. "Mkono wa mdogo wako, mama. Huoni tumekulainishia?"

Bi Nani alishuka ngazi ameshika ukuta.

Mdogo wake huyo ndiye aliyekuwa mwangalizi wa swichi zamu ile. Mama yao alifariki wakati yeye bado ananyonya, na dada mtu akambeba mgongoni, akamsomesha kwa mshahara wa kupiga chapa, hata barua ya kuombea kazi ile akamwandikia yeye. Tangu ajali alikuwa hajakanyaga nyumbani kwa dada. Tukikutana naye njiani alijitia hamnazo, akasalimia miti.

Sheria ya idara ilikuwa na tundu moja tu, na Bi Nani alilijua: mfanyakazi yeyote akiandika maelezo yake, masjala ikayagonga muhuri, hakuna penseli inayoruhusiwa kuyagusa. Alimpelekea mdogo wake ujumbe aje, akaniomba nifungue ofisi Jumamosi asubuhi. Muhuri nilikuwa nao mimi. Sitajisifu, nilimwuliza mara mbili kama ana hakika.

Niseme kwanza yaliyofuata, maana ni mafupi. Fundi hakufukuzwa, alilipwa haki yake, akapewa kazi ya stoo. Mdogo wake Bi Nani alifukuzwa mwisho wa mwezi, na mpaka leo anauza vipuri vya baiskeli. Meneja alihamishiwa makao makuu, akafanyiwa sherehe ya kuagwa yenye keki, na katika hotuba yake akasema kwamba mengi yamefanyika. Sina shaka. Yalifanyika, na mfanyaji alikuwa amesimama palepale akilamba sukari kidoleni.

Jumamosi ile mdogo mtu alikuja na shati la kanisani. Alikaa kwenye kiti cha wageni, mikono katikati ya mapaja. Bi Nani aliwasha kompyuta, akangoja. Kijana wa miaka thelathini na sita akaanza kwa sauti ya ghorofa ya tatu: kutokana na hali iliyojitokeza, ilionekana ni vyema mtambo uwashwe. Dada yake hakuandika hata herufi. Mikono yake ilikaa juu ya vitufe kama ya mtu anayeota moto.

Akajaribu tena. Safari hii alisimulia. Meneja alipiga simu, wageni wako njiani kuona tangi jipya na bomba ni kavu. Akamwambia vibao ni mambo ya watoto, akitoe awashe. Yeye aliita nyuma ya pampu mara moja, "Upo?", hakusikia jibu.

Bi Nani aliandika: Meneja alinipigia simu akaniamuru niwashe pampu. Akaisoma kwa sauti. Mdogo wake akaitikia kwa kichwa. Hiyo ilikuwa nyepesi, ilikuwa na mtu mwingine ndani yake. Kisha dada akangoja ya pili, yenye yeye mwenyewe ndani.

Mdogo mtu alifuta jasho juu ya mdomo.

"Dada, nikiisema hii, sina kazi."

Bi Nani hakumgeukia. Alisema chinichini, hata mimi niliyekaa hatua tatu kutoka pale nilisikia kwa shida:

"Najua, mdogo wangu. Sema."