Swichi ya Kiti

Fundi wetu wa umeme haamini mtu wala kitu. Betri mpya ataipima, fyuzi nzima ataichomoa ainuse, na ukimweleza tatizo anakukazia macho: "Nani alishika hizi waya kabla yangu?" Siku ile alilizunguka trekta kuukuu la baba la kukatia nyasi, akikwaruza waya kwa ukucha wa kidole gumba. Akikaa yeye, injini inawaka; akikaa baba, inazima. "Unamchezea mzee wewe," aliniambia. Kisha akapiga magoti, akainua kiti na kubonyeza swichi iliyo chini yake, ile inayozima injini isiposikia uzito wa mtu. Akamtazama baba, suruali yake iliyofungwa kwa kamba, mabega yaliyokonda tangu augue.

"Swichi imezeeka, baba," alisema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake. Akalegeza springi. Baba akakaa, injini ikanguruma, naye akaondoka nalo akicheka peke yake. Fundi alifuta mikono, akanivuta kando. "Niambie ukweli," akanong'ona. "Mzee anakula, au mnamwambia tu chakula kipo?"