Laptop Niliyomchagulia Mkamwana Wangu

Msomaji wetu wa Arusha ameomba tumfichie jina. Ni mzee wetu, msomeni kwa heshima.

Kosa wanalofanya wengi wanaponunua laptop ni kuijaribu ikiwa imechomekwa kwenye umeme wa dukani. Pale kila mashine ni nzuri: inawaka, inaimba, picha zinang'aa. Anayenunua kwa ajili ya safari inabidi aichomoe, akae akiitazama chaji inavyoshuka, kisha aibebe begani atembee nayo hadi nje. Haya nayajua sasa, na nisingependa kuyajua kwa njia niliyoyajulia.

Nina miaka sabini na mbili, mwalimu mstaafu wa hesabu. Mke wangu alishatangulia. Naishi Kijenge na mkamwana wangu, ambaye nitamwita Mama Eliya ingawa si jina lake. Mwanangu anafanya kazi mbali, huja mara moja moja. Mama Eliya ameajiriwa na mradi unaofundisha vikundi vya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Wiki moja yuko Oldonyo Sambu, nyingine Nkoaranga, anapanda njia za mlimani na begi mgongoni. Mchana anawaonyesha wafugaji picha, jioni anaandika ripoti akiwa gesti.

Alipotaka kununua laptop alinipa hela nikamnunulie, kwa kuwa yeye alikuwa anaondoka safarini na mimi ndiye ninayehesabiwa msomi hapa nyumbani.

"Baba, mimi nataka kadogo tu, hata kawe ka mtumba," aliniambia. "Kaingie kwenye begi, kakae na chaji. Nikilala gesti niangalie hata kamuvi kamoja nisinzie."

Dukani, dada muuzaji aliniwekea mbili mezani, bei moja. Ya kwanza ilikuwa ndogo, nyepesi, imekwaruzika mgongoni. Ya pili kubwa, kioo kipana, na ina mahali pa kuingizia sidii.

"Mzee wangu, anayesafiri mpelekee hii ndogo," alisema. "Hiyo kubwa ni ya kukaa mezani. Betri yake imechoka, haifiki mbali."

Nikamjibu kuwa kioo kikubwa ni afya ya macho, na nikamfafanulia kwa nini. Ukweli ni kwamba nyumbani nina sidii za kwaya ambamo marehemu mke wangu anaimba, na deki yetu ilikufa zamani. Nilipoona pale pa kuingizia sidii, Mama Eliya alinitoka kabisa akilini, nikalipia ile kubwa.

Aliporudi, tuliiweka laptop mezani, tukashikana mikono, nikaiombea kama tunavyoombea kila kitu kipya. Mliokulia katika familia za kanisani mtanielewa: kitu kikishaombewa na mzee hakirudishwi dukani. Muuzaji alikuwa ametupa wiki nzima ya kurudisha. Kabla haijaisha, Mama Eliya alinijia kwa upole.

"Baba, hii chaji inaisha haraka kidogo."

Badala ya kumuuliza inaishaje, nikamfundisha kupunguza mwanga wa kioo. Nikamweleza na jinsi betri inavyozeeka. Alisikiliza yote, akasema, "Asante, Baba." Wiki ikapita.

Tangu hapo, kila akitoka safari, kabla hata hajanawa miguu, alinichomekea laptop kwenye umeme na kuniwekea kwaya. Nami nilikaa nikafurahi.

Jumamosi iliyopita alikuja mwenzake wa kazini. Walikaa sebuleni wakidhani nimetoka, kumbe nilikuwa chumbani navaa viatu.

"Hivi hilo dude ni laptop au ubao wa kukatia nyama?" mwenzake alimtania.

"Wewe cheka tu. Bega lote linaniuma," Mama Eliya akajibu.

"Na juzi likakuzimikia mbele ya bosi! Wafugaji wote wanakutolea macho."

"Sikufika hata picha ya tatu. Ripoti nazo nachelewesha, maana gesti nyingine umeme hakuna. Bosi anasema siko makini. Mkataba ukiisha mwezi huu, hajui kama ataniongezea."

"Si umwambie mzee ukweli?"

"Nimwambie baba mkwe alichochagua hakifai? Na ameshakiombea? Labda huko kwenu Machame. Sisi Wameru hatuna hiyo."

"Haya, na bosi ulimwambiaje?"

"Nilimwambia niliichagua mwenyewe."

Nilibaki kitandani na kiatu kimoja mguuni. Sikumwibia hela yake hata shilingi, lakini kifaa cha kazi yake nilikigeuza burudani yangu, na lawama akazibeba yeye.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Nikimwambia nilisikia, ataona aibu kuliko mimi. Nikienda kwa bosi wake, ataonekana mtoto anayetetewa na mkwe. Nina ndama ninayeweza kumuuza nikanunue ile ndogo, lakini nikifanya hivyo kimya kimya nitakuwa nimemchagulia tena. Na lipo ambalo halijui mtu yeyote hapa nyumbani, kwamba muuzaji alinionya.

Mwezi unaisha wiki ijayo. Yeye anarudi kesho kutoka Nkoaranga. Wanangu, nishaurini: nianze na yeye au nianze na bosi wake? Na baba mkwe anamwombaje mkamwana msamaha bila kumfanya yeye ndiye wa kumbembeleza mzee?

Wakati mnaniandikia, nanyi fanyeni jambo moja. Kama umewahi kumchagulia mtu kifaa cha kazi, leo muulize kinamsumbua wapi, kisha nyamaza mpaka amalize.