Nusu ya Melkiori

Nikisikia harufu ya spiriti, hata nikiwa hospitalini nasubiri sindano, narudi nyumbani kwetu, mtaa wa Bwiza, nimechuchumaa kando ya Baba anayesafisha kaseti ya video kwa pamba. Alikuwa fundi redio mwenye mikono mizito, lakini kaseti zile alizishika kwa upole ambao sisi wanawe tuliuonea wivu.

Baba na rafiki yake Melkiori, mwalimu wa shule ya msingi, waliugua ugonjwa mmoja: kukusanya filamu za kale ambazo mtaa mzima haukuzitaka. Wenzao walikimbilia karate. Wao walisaka zile zilizotolewa nakala chache tu, zenye boksi gumu na namba iliyoandikwa kwa mkono kwenye kila kaseti. Mama alisema ni filamu za watu wanaoongea mpaka wali unaungua. Walinunua kwa ushirika, na filamu ikiwa ya kaseti mbili kila mmoja alikaa na moja, asiwepo wa kuimaliza peke yake. "Kidole kimoja hakivunji chawa," Melkiori alipenda kusema, kaseti yake kaibana kwapani.

Ya mwisho waliipata kwa Mbelgiji aliyekuwa akiuza vitu vyake ili ahame, maana milio ya risasi ilikwisha kuanza kusikika milimani. Namba 117, kwenye kaseti zote mbili. Ilikuwa hadithi ya mjane aliyeibiwa punda wake, akaenda kumtafuta kwa miguu. Jumapili moja, Melkiori alipotoka misa, tuliangalia kaseti ya kwanza, yeye akinitafsiria Kifaransa. Iliishia mjane amefika darajani. Nilikuwa na miaka tisa, nikalia nikitaka kujua kama punda alipatikana. Wakaniambia ningoje Jumapili ijayo.

Jumapili hiyo hatukuiona. Katikati ya juma vijana wenye silaha walianza kuwafukuza watu wa kabila la Melkiori, nyumba kwa nyumba. Sisi Waislamu walikuwa hawajatugusa. Alfajiri Melkiori alimleta mkewe, Konsolata, tumfiche, kwa kuwa mimba yake ilikuwa kubwa na hakuweza kukimbia. Yeye mwenyewe angejaribu kuvuka mpaka aende Uvira, upande wa Kongo. Hakubeba hata mfuko. Kwapani alikuwa na kaseti yake, ile ya pili.

"Iache hapa, Melki," Baba alimwambia.

"Apana. We baki na yako, mi naenda na yangu. Tutaimaliza pamoja."

Baba alicheka kidogo, akamfungulia mlango.

Kwa wiki kadhaa jina la Uvira halikututoka midomoni. Melkiori yuko Uvira, anakula samaki wadogo wa ndagala, anafundisha watoto wa Wakongo, barabara ikifunguka ataleta habari. Kila adhuhuri Konsolata alimwekea sahani yake, akaifunika kwa kawa, na jioni ndipo sisi watoto tuliporuhusiwa kuila. Naona aibu kusema kwamba nilikuwa naingojea.

Siku moja Mama alinituma soko la Jabe na sahani ya sambusa za kuuza. Pembeni mtu alikuwa ametandaza gunia: viatu, pasi, sufuria, vitu ambavyo siku zile hukuuliza vimetoka wapi. Katikati yake nikaiona kaseti, namba 117. Niliruka kwa furaha. Nilimpa yule mtu sambusa zote, na sahani juu yake, nikatimua mbio. Njiani niliona doa la kahawia kwenye karatasi ya kaseti. Nikalisugua kwa mate na upindo wa gauni mpaka likatoka, Baba aipate safi.

"Baba! Tutamuona punda!"

Aliipokea, akaisoma namba, akaisoma tena.

"We mutoto, umeitoa wapi?"

"Ku soko, Jabe. Kuko mutu anauzisha."

"Na hapa palikuwa nini?" Kidole chake kilikuwa juu ya karatasi yenye unyevu.

"Buchafu tu. Nimepanguza."

Sikuchapwa kwa ajili ya sambusa. Baba aliketi sakafuni, palepale mlangoni. Konsolata akatoka jikoni na sahani ya Melkiori mikononi, akaiona kaseti. Aliondoa kawa, akatuita sisi watoto, akatugawia maharage yale na ndizi, adhuhuri ileile, mpaka sahani ikawa tupu. Nami nilikula.

Mwili wa Melkiori haukupatikana. Baba alikufa bila kuiangalia ile kaseti ya pili. Leo ninazo zote mbili, na mkusanyaji mmoja wa Ulaya ameniandikia kwamba boksi kamili ni adimu sana. Sijamjibu. Mpaka leo sijui kama punda alipatikana.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mimi ndiye niliyemuua Melkiori: asubuhi ile alikuwa mzima Uvira, mimi nikamtoa huko kwa sahani ya sambusa. Ukubwani nimejisamehe hilo. Nisilojisamehe ni lile doa. Katika mwili wake wote, ni hilo tu lililokuwa limemrudia Konsolata, nami nililifuta kwa mate, nikicheka njia nzima.